"Nimeona."

Jumanne saa tatu usiku niliandika kwenye grupu la ofisi: "Shikamoo bosi. Ripoti ya robo mwaka hiyo, naomba uipitie." Tiki mbili zikageuka bluu. Baadaye likaja neno moja: "Nimeona." Na nukta.

Sikulala. Hakuitikia marahaba. Hakusema nzuri wala mbaya. Na ile nukta, ya nini? Nililisoma neno lile kwa sauti ya hasira, nikalisoma kwa sauti ya dharau. Dada akalisoma kwa sauti ya uchovu. Kila sauti ililikaa. Angelitamka mbele yangu mara moja tu, ningejua.

Mahari ya mdogo wetu ililetwa Jumatano na Baba Mkubwa akaridhia, ila hata nikipakua pilau, kichwani ni "Nimeona".

Alhamisi nikapanda treni ya umeme, mara yangu ya kwanza tangu ianze kufika Dodoma mwaka 2024. Makao makuu yalipohamia huko, tukabaki na grupu na Zoom ya bure. Dakika 40 zikiisha inatutoa wote, kwa hiyo salamu tumeziacha ili tuwahi ajenda.

Nikabisha hodi.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba binti yangu, karibu. Mguu wa mama unaendeleaje?"

Mezani palikuwa na ripoti yangu. Ameichapa yote, kurasa 32, pembeni kalamu nyekundu mpaka kwenye viambatisho. Jedwali la nne amelizungushia duara: "Hapa umefikiri."

"Haya yote ningeyaandikaje kwa kidole gumba?" akasema. "Nikajua utakuja, tutakaa."

Alikuwa ameona kweli. Tulikaa mpaka adhuhuri.

Nilirudi nimejaa furaha. Kabla ya Kilosa nikafungua simu. Yule kijana wa mafunzo wa Mwanza, wiki mbili nyuma, alinitumia takwimu zake za kwanza, na salamu mistari mitatu. Chini yake, mimi: "Sawa." Hajaandika tena.

Nikampigia palepale, tukaingia kwenye mahandaki, simu ikakata. Morogoro nikapiga tena.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Nyumbani hawajambo?"

Akanyamaza kidogo. "Dada, kwani nilikosea wapi?"

Tumeongea mpaka naingia Dar.

Mama leo hakuvaa kiatu cha kushoto. Anasema mguu umevimba tena, na kliniki yake ni Jumatano.