Siku yangu moja na watoto wa mafunzo, hapa Unguja

Watu wananiuliza sana "nyinyi mule ndani mnawafanya nini wale watoto", basi leo naandika siku yangu ilivyo. Nafundisha kusoma na kuandika na nasaidia unasihi kwenye kituo cha watoto waliokinzana na sheria. Kituo sikitaji wala watoto siwataji, wana maisha yao mbele.

Saa 1 asubuhi
Boflo na chai nshamaliza nyumbani, nikifika tu namtafuta alolala zamu. Nani hakulala, nani kasusa kula, nani kalia usiku. Hii ndo ripoti naithamini kuliko zote, maana mtoto asolala ukimtia darasani unamuonea tu.

Saa 2
Darasa. Hapa nataka watu wanielewe, wengi wa watoto hawa skuli waliacha zamani, kabla hata ya hilo kosa. Sasa ukimwambia mmoja simama usome anampiga mwenzake teke, au anaomba ruhusa ya chooni, watu wanasema mtukutu huyo. Wallahi mara nyingi si utukutu, hajui kusoma na anaona haya, ana miaka 15 sharubu zishaanza kuchomoza, ataanzaje ba be bi mbele ya wenzake?

Leo alikuwepo mmoja kama huyo, kakaa nyuma kakunja mikono. Nikamvuta pembeni nikamuuliza chuo cha Kurani ulifika wapi, akanambia Juzuu Amma nimemaliza mwalimu. Nikachukua chaki nikaandika be ya Kiarabu na alama ya fatha juu, akasoma "ba" bila kufikiri, nikaweka kasra akasema "bi", dhumma "bu". Chini ya kila moja nikaandika herufi za skuli. Akatizama weee, akasema "kumbe ndo hizi hizi?" Mpaka kengele inalia kashasoma baba, babu na bibi mwenyewe, e na o tumeziacha kesho maana chuoni hazina alama yake. Mtoto huyu kaitwa mjinga miaka yote na kichwani ana juzuu nzima, inaniuma sana hii.

Saa 5
Karakana ya useremala. Fundi wetu mtu mzima, hana makelele, anamkabidhi mtoto patasi na kumwambia chonga taratibu mwanangu. Kuna watoto hapo ndo mara ya kwanza mtu kuwaamini na kitu chenye makali.

Saa 7
Swala, halafu wali na maharage, mpira kidogo.

Saa 8
Unasihi, mmoja mmoja. Nakaa nao nje chini ya mwembe kwa sababu ofisini wanaona kama wako polisi. Simuulizi kwa nini uliiba, namwambia nihadithie siku ile toka ulipoamka. Ndo yanatoka hapo, kulala na njaa, wakubwa waliomtuma, unga wa kulevya. Anoshtuka usiku au alotumia dawa za kulevya anahitaji daktari, sio nasaha zangu peke yake, na hapa nna ombi, mtoto akipelekwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, msimwite mwendawazimu, kaenda kutibiwa kama anavyotibiwa mwenye malaria.

Saa 10
Simu. Kazi hii haionekani na ndo inayoamua kila kitu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unasema kumfungia mtoto iwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kabisa, maana yake siku anayoingia ndo siku ya kuanza kumtafutia njia ya kurudi. Leo nimempigia mama mmoja Pemba, nauli ya boti hana, mwanawe kila siku ya wageni anakaa karibu na geti. Nikampa mtoto simu, dakika za mwanzo hawakusema kitu, kisha mama akamuuliza "unakula mwanangu?" wakaendelea wenyewe.

Baada yake nikampigia mwalimu mkuu wa skuli ambayo mtoto mwengine anatakiwa arudi. Jibu lake, atawaharibu wenzake. Sikubishana nae kwenye simu, nimempigia sheha, kiongozi wa mtaa wao, anamjua yule kijana toka mdogo na kakubali twende pamoja. Kesho saa 3 tuko ofisini kwa huyo mwalimu, madaftari ya mtoto nshayatia kwenye mkoba.