Kutoka kwenye kazi niliyozama: ninavyofanya nikiwa na usonji

Mwaka 2005 watafiti Dinah Murray, Wenn Lawson na Mike Lesser waliandika kwamba umakini wa mwenye usonji huelekea kumiminika wote kwenye mambo machache kwa wakati mmoja. Kwangu mimi, mtu wa hesabu, hilo ni faida mpaka pale ninapotakiwa kutoka.

Usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha daftari letu la fedha na taarifa ya benki na kutafuta chanzo cha tofauti, naufanya saa mbili hadi saa nne asubuhi. Daftari la fedha kushoto, taarifa ya benki kulia, rula chini ya mstari. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, kwanza natafuta tarakimu zilizopishana: 54,000 ikiandikwa 45,000 inaacha 9,000. Hapo jicho halihitaji kusukumwa.

Kutoka ndiko kwenye kazi. Kengele moja iliyotegwa saa nne kamili haifai, maana inanikata katikati ya mstari, nami naizima bila hata kujua nimeizima. Natega mbili. Ya kwanza inalia dakika 10 kabla, kwa mtetemo, simu ikiwa mfukoni, kwa sababu nimevaa viziba masikio (feni na redio ya jirani vyote huingia kichwani kwa nguvu ileile). Ya pili iko kwenye meza ya mbali, ili nisimame kuifuata.

Katikati ya hizo mbili naandika kikaratasi: "Mstari 212. Tofauti 18,400. Kinachofuata: ada za benki za Machi." Nikiandika "endelea" tu, akili inabaki kulekule kwenye mstari, na kesho yake naanza upya kutafuta nilipoishia. Kikaratasi nakibandika juu ya daftari, si ndani. Halafu dakika 5 za maji na choo, maana nikizama sisikii kiu wala haja.

Wenzangu nimewaomba wasiniite kwa nyuma. Mtu aje upande ninaoweza kumwona, ataje jina langu, asubiri nigeuke, kisha aseme jambo moja. Akinipa maagizo matatu kwa mdomo, nashika la kwanza. Mengine mawili ayatume kwa ujumbe. Wengine huona kama ni madoido, lakini makosa yamepungua.

Siku yenye mikutano miwili usuluhisho siugusi kabisa. Siku hiyo napanga risiti.