Foleni ya intaneti ya kebo saa za jioni: nilivyoipunguza kwenye ploti ya nyumba 24, Kisumu

Modemu ni moja, kifurushi ni megabiti 60 za kupakua na 10 za kupakia. Kuanzia saa moja na nusu jioni simu za WhatsApp zilikuwa zinakatikakatika, ilhali kipimo cha kasi kilionyesha kupakua ni kuzuri.

Nilianzia kwenye kebo, maana foleni ya data haipangiki juu ya waya mbovu. Ukurasa wa modemu (192.168.100.1) ulionyesha nguvu ya kupakia 51 dBmV (kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye kebo). Hiyo ni juu mno. Modemu inalazimika kupaaza sauti ili isikike. Ukutani kulikuwa na spliti (kigawanyi cha kebo) ya njia nne, inayomeza takriban desibeli 7, huku njia tatu hazitumiki. Kiunganishi cha nje kilikuwa kimeingia maji ya mvua, waya wa katikati umeota ukijani. Nilitoa spliti, nikakata kebo hadi palipong'aa, nikabana kiunganishi kipya. Nguvu ikashuka hadi 44.

Simu bado zilikatika. Nilipopakia video huku napiga ping (kipimo cha muda wa data kwenda na kurudi), muda ulitoka milisekunde 25 hadi 800. Njia ya kupakia ya kebo ni nyembamba, na modemu hurundika pakiti (vipande vya data) badala ya kuzitupa. Simu chache zikianza kuhifadhi picha mtandaoni, hata majibu madogo ya wanaopakua hukwama humo humo.

Dawa ni kuihamishia foleni kwenye ruta yako. Kwenye OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta) niliweka luci-app-sqm, nyongeza ya kupanga foleni, nikachagua CAKE, mbinu ya kugawa foleni, kwenye mlango unaoelekea modemu: kilobiti 54000 kupakua, 9000 kupakia, yaani asilimia 90 ya kifurushi. Ukiweka kasi kamili, foleni inarudi kwenye modemu na hujafanya kitu. Overhead (baiti za ziada kwa kila pakiti) ni 18, MPU (ukubwa wa chini wa pakiti) 64. Ili kila mpangaji apate fungu lake, upande wa kupakua andika "nat dual-dsthost ingress", wa kupakia "nat dual-srchost". Zima flow offloading (njia ya mkato ya ruta kupitisha pakiti), la sivyo pakiti zinaipita CAKE kando. Ping ilitulia chini ya milisekunde 40.

Kipimo cha mwisho: saa mbili usiku chomoa wote, ubaki na laptopu moja. Ping ikiendelea kuruka, msongamano uko kwenye nodi ya mtaa (kituo cha mtoa huduma ambacho nyumba za jirani huchangia), na ruta yako haiufikii. Mpelekee mtoa huduma vipimo vya usiku tatu vyenye saa, umtake aigawe nodi.