Mawifi wasiosemezana na simu yangu ya kurikodi

Ramadhani ya mwaka 2012, ile iliyoangukia Julai na Agosti, nilirudi Lamu kutoka Mombasa na asaimenti ya somo la mawasiliano baina ya watu. Ukiisikia ni rahisi: rikodi dakika kumi za mazungumzo ya kawaida ya watu wanaojuana vizuri, halafu andika kila walichosema, na waliponyamaza uandike wamenyamaza sekunde ngapi. Ruhusa uombe kwanza.

Sasa kwetu Langoni watu wanaojuana vizuri walikuwa mamangu na shangazi, na hao walikuwa hawasemezani tangu Rajabu.

Kisa posa. Shangazi alipokea posa ya bintiye, wageni wakaja wakala wakaondoka, mamangu habari akaja kuipata dukani kwa jirani aliyeenda kununua vitunguu. Mtu asiye wa huku anaweza kuona dogo hilo. Si dogo. Wifi mtu huambiwa kabla ya jirani, tena mtu aje mpaka ndani, aketi, ndipo aseme. Shangazi naye alikuwa na yake, kwamba alimtuma mtoto na mtoto hakufikisha, mi hapo siingilii.

Shida ni kwamba nyumba ni ya babu, iligawanywa kwa ukuta katikati lakini jiko la juu darini likabaki la wote, kwa hiyo kila alasiri, funga imewakaza, wanapanda wale wawili, mmoja anakuna nazi mwengine anachagua mchele, hawaangaliani, na lolote la kusemwa linapitia kwangu. Hata ruhusa niliipata hivyo hivyo.

"Mwambie mamako, kama yeye hana neno mimi pia sina."

Mamangu yuko hapo hapo, akinyoosha mkono anamgusa. "Mwambie shangazio, mimi sijaficha kitu mwaka huu."

Hiyo "mwaka huu" ilikuwa na mwiba ndani. Nikaiweka simu juu ya kifuniko cha pipa la maji, nikabonyeza.

Darasani tulikuwa tumesomeshwa kazi ya Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson ya mwaka 1974, kuhusu watu wanavyopeana zamu ya kusema. Anayesema anaweza kumchagua wa kufuata, asipomchagua mtu basi anayewahi ndiye mwenye zamu. Mi nikadhani nitaiona zamu hiyo waziwazi. Kumbe shangazi anasema nami, anayejibu ni mamangu, ila anajibu akinitazama mimi, na mimi mdomo sijafungua! Usiku nilipokaa kuandika nilishindwa niweke mshale uelekee wapi.

Halafu akapita paka, si unajua Lamu na paka wake. Shangazi akamgeukia, sauti tamu kabisa, "Nenda zako baba, hapa huna utakachokipata, yeo habari zote ziko dukani."

Mamangu hakusema kitu. Alivuta mbuzi karibu, akashika kifuu cha pili akaanza kukuna, krrr krrr, kwa nguvu ambayo nazi haikuihitaji. Nilipokuja kupima ilikuwa sekunde 11. Jefferson, ambaye ndiye aliyebuni zile alama za kuandikia mazungumzo, alikuja kuonyesha kwamba katika mazungumzo aliyoyachunguza kimya huwa kinafika kama sekunde moja hivi kabla mtu hajakivunja. Sekunde 11 kwa hesabu hiyo ni mazungumzo yamekufa. Lakini mi nilikuwepo, na ule mkuno ulikuwa jibu, shangazi alilipokea hasa maana aliupeta ule mchele mpaka chuya zikaniangukia mimi.

Na hapo ndipo nilipoanza kubishana na daftari langu. Kuna Mark Knapp, mwaka 1978 alitoa ngazi ya mahusiano yenye hatua 10, 5 za kupanda watu wakikaribiana na 5 za kushuka wakiachana, na kukwepana ni ya tisa. Kwa Knapp basi mamangu na shangazi walibakiza hatua moja tu waachane. Waachane waende wapi? Ngazi ile naiona ni ya watu waliochaguana, wachumba, marafiki, wakichokana kila mtu anashika njia yake. Wifi hukumchagua, umemkuta, na maadamu ndoa ipo na jiko ni moja utamkuta kesho pia. Hawa hawakuwa wanashuka popote, walikuwa wamekaa hapo hapo kwenye hatua ya tisa wanapika.

Karibu na mwisho wa rikodi mamangu aliinuka kunikabidhi kaimati nizipange kwenye sahani, akasahau sufuria. Shangazi akaropoka,

"Wifi, tui hilo linakatika!"

"Nshaliona," mamangu akajibu, na mwiko tayari mkononi.

Hakuna "mwambie". Kwenye maandishi yangu hizo mbili ndizo sentensi pekee zilizoenda moja kwa moja kutoka kwa mmoja mpaka kwa mwengine. Nilidhani sasa yamekwisha, nikamtazama huyu nikamtazama yule. Wapi! Baada ya kukoroga kidogo mamangu akanigeukia, "Mwambie shangazio tui limepona." Tofauti ni kwamba sauti ilikuwa imeshuka, na shangazi alicheka puani. Ikaadhiniwa, tukakata tende na maji, kila mtu na sinia lake.

Lekchara alipenda ile ya sekunde 11 kuliko hata ya tui, aliandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba nieleze zaidi nilijuaje ni jibu. Nikaeleza ukurasa mzima.

Alama zilipotoka nilikuwa Mombasa, nikampigia mamangu usiku, akaomba dua nyingi kisha akakata simu kwa sababu ya salio. Sijamaliza hata kula, simu inalia, shangazi, wala salamu hakutoa.

"Wewe mtoto, umefaulu kwa sauti yangu mimi, habari naja kuipewa na mamako?"