Iceland: Pale Ardhi Inapoachana

Saa nne usiku, Juni 2022, jua la Iceland lilikuwa bado linaning'inia juu ya ziwa la Þingvellir nilipoingia korongo la Almannagjá. Ukuta wa magharibi umesimama wima, mweusi, tabaka juu ya tabaka la lava ya kale. Ule wa mashariki ni mfupi, umeinama kidogo, kana kwamba kuna kitu kiliuvuta na kuuacha hapo.

Wageni wenzangu walikuwa wakipiga picha wametanua miguu, mmoja Marekani, mwingine Ulaya. Mwongozaji wetu, aliyesomea jiolojia, aliwaacha wamalize, kisha akatuonyesha upeo wa mashariki. Kule, kilomita kadhaa kutoka tulipo, kuna ufa mwingine uitwao Hrafnagjá. Kati ya nyufa hizi mbili ardhi yote inavutwa na kuzama. Mwaka 1789 matetemeko yaliishusha sakafu ya bonde, na maji ya ziwa yakafunika sehemu ya nchi kavu. Mpaka wa mabamba ya gandunia, vile vipande vikubwa vya tabaka gumu la juu la dunia vinavyobeba mabara kama Marekani na Ulaya, basi, si mstari wa kuruka kwa hatua moja. Ni ukanda mzima, na tulikuwa tumesimama ndani yake.

Nilikwenda Iceland nikiwa na picha niliyoibeba tangu darasani: dunia ni yai lenye ganda jembamba, na chini ya ganda kuna bahari ya moto inayosubiri tundu. Picha hiyo ilivunjika usiku ule. Koti la dunia, lililo chini ya ganda, ni mwamba mgumu. Una joto kali, tena unajongea polepole mno, lakini ni mwamba. Joto la kuuyeyusha liko tayari. Kinachouzuia ni uzito uliolala juu yake. Mabamba yakiachana, mwamba wa chini hupanda kuziba nafasi, mgandamizo unapungua, na sehemu ndogo yake inayeyuka. Hakuna aliyeongeza kuni. Mzigo ndio umepungua. Sijui kwa nini hatukuambiwa hivi tangu mwanzo, maana ukilielewa hili, volkano nyingi za dunia zinaanza kusomeka.

Safari ya kwenda volkano ya Krafla, kaskazini mwa kisiwa, ni ndefu, na maswali yangu yaliijaza. Kama kuachana kwa mabamba kunatosha, mbona Mgongo wa Kati wa Atlantiki, safu ndefu ya milima inayofuata mpaka huo wa mabamba, karibu wote umezama baharini, ila hapa umeibuka ukawa nchi? Kwa sababu Iceland ina mambo mawili kwa pamoja. Ufa umepita juu ya kitovu cha joto, yaani nguzo ya mwamba wenye joto kuliko unaouzunguka, unaopanda kutoka kina kirefu. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inakuwa nyingi kupita kawaida, ganda linanenepa, kisiwa kinainuka.

Kitovu cha namna hiyo hakihitaji mpaka wowote. Hawaii iko katikati kabisa ya Bamba la Pasifiki. Mwaka 1963 mwanajiolojia J. Tuzo Wilson alieleza kwamba bamba linahama juu ya chanzo cha joto kinachobaki mahali pake. Ndiyo maana visiwa vile vimejipanga mstari, na kadiri unavyokwenda kaskazini-magharibi ndivyo vinavyozidi kuwa vikongwe na kuliwa na mmomonyoko, huku Kīlauea, upande wa kusini-mashariki, ikiendelea kulipuka.

Kwa Japani, Indonesia na milima ya Andes habari ni nyingine. Huko bamba la bahari linazama chini ya jingine, na bamba hilo ni la baridi. Linachokwenda nacho chini ni maji, yaliyofungwa ndani ya madini yake. Yakifika kina cha kilomita 100 hivi, maji hayo yameshaponyoka kupenya mwamba ulio juu, na mwamba wenye maji huyeyuka kwa joto dogo zaidi. Magma yake mara nyingi huwa nzito, yenye gesi nyingi iliyobanwa. Pinatubo ya Ufilipino ilionyesha mwaka 1991 maana ya gesi hiyo ikifunguliwa ghafla.

Krafla ilinikalisha kimya. Kule Leirhnjúkur lava nyeusi imetanda na mvuke unatoka katikati ya mawe, na harufu ya mayai viza inakaa kooni. Kwa wastani mabamba haya yanaachana sentimita 2 kwa mwaka, na mimi nilidhani ni mwendo wa taratibu, kama kucha inavyokua. Sivyo. Ardhi hujivuta miaka na miaka bila kuachia, halafu inaachia kwa mkupuo. Kati ya 1975 na 1984 palikuwa na milipuko 9 hapa, na nyufa zikatanuka kwa mita kadhaa. Septemba 1977 magma iliyokuwa ikipita chini kwa chini ilikutana na kisima cha mvuke kilichochimbwa na watu, ikapanda nacho na kumwagika juu.

Siku ya mwisho tulipanda Fagradalsfjall, rasi ya Reykjanes. Tarehe 19 Machi 2021 ardhi ilipasuka hapo, baada ya rasi hiyo kutulia kwa takriban miaka 800. Hatukuikanyaga lava, ganda la juu huwa gumu huku chini kungali na moto. Tulichutama pembeni, nikaokota kipande. Kilikuwa chepesi, kimejaa matundu ya gesi kama sifongo, kingo zake zinang'aa kama chupa na zinachubua kidole. Ndani yake mlikuwa na chembe za kijani, madini yaitwayo olivini, zilizojijenga kina kirefu kabla magma haijaanza kupanda. Nilizitazama hadi macho yakatoka machozi kwa upepo, nikakirudisha kipande mahali pake.

Tarehe 3 Agosti, nimesharejea nyumbani, nikaona habari: ufa umefunguka Meradalir, pembezoni mwa lava ileile, na moto unatoka tena.