Harufu ya dizeli na faili lisilo na mkia

Jana usiku umeme ulikatika mtaani, jirani akawasha jenereta. Moshi wa dizeli ulipopenya dirishani nikajikuta nimerudi kwenye kile chumba cha ghorofa ya pili: feni zimenyamaza, jasho linatiririka, na mbele yangu faili lenye kila kitu isipokuwa mkia.

Tulikuwa na mashine 12, kila moja ikitoa vipimo 40 kila baada ya sekunde 10: mzigo wa prosesa, RAM, joto, muda ambao prosesa inaisubiri diski. Kipimo kimoja kwa mwendo huo ni sampuli 8,640 kwa siku. Vyote kwa pamoja ni 4,147,200. Mwanzoni tuliziandika kwa JSON, yaani maandishi ya kawaida ambamo kila thamani huandikwa na jina lake, sampuli moja mstari mmoja. Kila mstari ulikula kama baiti 110, kwa kuwa majina yale yale yanarudiwa kila mara. Hizo ni megabaiti 456 kwa siku, na diski yetu ilikuwa ndogo.

Mimi ndiye niliyependekeza Parquet, muundo wa faili unaopanga data kwa safuwima, na kwa upande wa nafasi hesabu yangu ilikuwa sahihi. Wakati na thamani, baiti 8 kila kimoja, ni megabaiti 66 hata kabla ya kubana. Tena Parquet huweka thamani za safuwima moja pamoja, kwa hiyo namba zinazofanana zinakaa jirani na kubanika vizuri. Jina la mashine linaandikwa mara moja kwenye kamusi ya kila fungu la mistari, kisha linatajwa kwa namba tu. Nilichokosea ni kuiacha programu iandike Parquet moja kwa moja, faili moja kwa siku, lifungwe saa sita usiku.

Siku hiyo wateja walianza kulalamika saa mbili usiku kwamba malipo yanachelewa. Baadaye umeme ukakatika, jenereta ikagoma, betri za akiba zikaisha. Hakuna aliyekuwa ameziunganisha na seva ili zizimwe kwa utaratibu, kwa hiyo mashine zote zilianguka kwa pamoja. Asubuhi bosi alitaka kujua jambo moja tu: diski zilikuwa zimeanza kulemewa kabla umeme haujakatika, au la? Jibu lilikuwa kwenye kipimo kimoja, kile cha kusubiri diski.

Nikalifungua faili, likakataa. Nikalitazama kwa xxd, programu inayoonyesha baiti za faili kwa tarakimu. Baiti nne za mwanzo zilikuwa 50 41 52 31, yaani PAR1, alama ya Parquet. Faili likiwa zima, alama hiyo inarudi mwisho kabisa, na kabla yake kuna baiti nne zinazotaja urefu wa mkia. Mkia ndio wenye ramani: safuwima zipi zipo, ni za aina gani, kila fungu linaanzia baiti ya ngapi. Programu inayosoma huanzia huko nyuma. Na mkia huandikwa wakati wa kufunga, kwa sababu mafungu hayajulikani yatakaa wapi kabla hayajaandikwa. Faili letu halikuwahi kufungwa.

Nilishuka mstari kwa mstari kwenye zile tarakimu. Data ilikuwepo! Niliona "mashine-01" limeandikwa kamili, kisha 2, kisha 3, kisha 4, zimetawanyika katikati ya herufi zisizosomeka, kwa kuwa Snappy, programu ya kubana data, ilikuwa imeibana sehemu ya jina inayojirudia. Nilikaa hapo kama saa nzima, nimeweka kidole kwenye kioo cha kompyuta kama mtu anayesoma orodha ya majina ukutani. Kila ukurasa wa data una kichwa chake kidogo, na mwenye subira anaweza kuvifuata vichwa hivyo na kuokoa kitu. Nilifanya hivyo kwa siku mbili nikaipata asubuhi yote na mchana. Fungu la jioni lilikuwa bado linakusanywa kwenye RAM. Hilo halikufika diski kabisa.

Logi ya malipo, yaani faili la kumbukumbu za matukio kwa maandishi ya kawaida, ilikuwa hai. Mstari wake wa mwisho ulikatwa katikati ukafuatiwa na baiti za sifuri, maana mfumo wa faili ulikuwa umeshaurefusha faili kabla data haijashuka. Nikaziondoa kwa amri ya tr -d '\000' ikasomeka yote. Hata ile iliyokuwa ikibanwa kwa gzip ilisalimika: zcat, amri ya kusoma faili lililobanwa hivyo, ililalamika kwamba faili limeisha ghafla, lakini ilitoa yote yaliyotangulia.

Nilipotoka nje nikampitia mlinzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmepona huko juu?"

Akanionyesha daftari lake. Saa 4:35 umeme umekatika. Saa 4:37 jenereta imewaka, moshi mwingi, imezima. Saa 4:41 imegoma. Tukio moja mstari mmoja, kalamu ya wino, hakurudi nyuma kurekebisha. Logi yangu ilikoma saa 19:52 kwa UTC, saa ya kimataifa. Ongeza saa tatu ni 22:52, yaani saa 4:52 usiku kwa daftari la mzee. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba betri zilidumu dakika 17. Tangu siku hiyo, wakati wa kila sampuli nauandika kwa UTC tu, milisekunde kwa namba kamili.

Mwenzangu alitaka tuhamie RRDtool, programu ya kuhifadhi vipimo ambayo faili lake halikui kamwe. Nilikataa. Sampuli za zamani hugeuzwa wastani, na kishindo cha dakika moja kinamezwa usipokuwa umeagiza na kile cha juu kabisa kihifadhiwe.

Tulichofanya ni hiki. Vipimo vinaandikwa kwanza kwa JSON, mstari kwa mstari, faili jipya kila saa, na fsync, amri inayolazimisha data ishuke diski, kila sekunde 5. Saa ikifungwa, programu nyingine inapanga mistari kwa kipimo kisha kwa wakati, inaandika Parquet iliyobanwa kwa zstd kwa jina la muda, inaita fsync, inalisoma upya faili zima na kuhesabu mistari. Hesabu ikilingana, jina linabadilishwa ndani ya saraka ile ile, kisha saraka nayo inapigwa fsync. JSON haifutwi kabla ya saa 48.

Zile sekunde 5 bado zinanisumbua. Nikiita fsync kwa kila mstari, diski inazidiwa, na kipimo cha kusubiri diski kinaanza kunipima mimi mwenyewe. Nikiziacha, naweza kupoteza zile zile sekunde ambazo mashine inakata roho. Nimejaribu 1, nimejaribu 10, nikarudi 5. Kuhusu saa mbili usiku hadi saa 4:52 ya siku ile, mpaka leo sijui kama zilikuwa diski au kitu kingine.

Jirani alizima jenereta alfajiri. Niliingia kwenye seva nikatazama faili la saa ile, mstari wa mwisho. Ulikuwa mzima.