Msiba Wetu Hauna Likizo

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataja likizo ya mwaka, ya ugonjwa na ya uzazi. Ya msiba haimo. Huachiwa hiari ya mwajiri, na mwajiri akikubali huuliza kwanza: marehemu ni nani wako? Wiki hii sikuwa na jibu la kuandika kwenye fomu.

Mimi ni mwelimishaji rika hapa Mombasa, yaani nawaelimisha wenzangu habari za afya, na ni kuchu, jina tunalojiita sisi wapenzi wa jinsia moja na watu transi. Dada yetu aliyefariki alikuwa mwanamke transi: alipozaliwa alihesabiwa mwanamume, akaishi kama mwanamke. Nilimsindikiza kliniki siku alizohofia kuitwa kwa sauti jina lisilolingana na gauni lake. Kwenye matanga alitajwa kwa jina hilohilo. Wanaume walipoondoka na jeneza nilibaki ndani na wanawake, nikamenya vitunguu, nikajitambulisha kuwa rafiki wa kazini. Mama yake alinitazama kwa muda.

“Wewe ndiye uliyekuwa ukimpeleka hospitali?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Mungu akulipe, mwanangu.”

Nililia hapo, mbele ya watu, na sikujali.

Watu wa kazi yetu hufiwa na watu ambao wangeweza kuwa wao. Januari 2023, Edwin Chiloba, mwanamitindo na mtetezi wa haki za makuchu hapa Kenya, alipouawa, picha zake zilijaa kwenye simu zetu, na simu hizohizo hazikuacha kulia: mmoja anaogopa kutoka nje, mwingine anauliza ahamie wapi. Tuliwatuliza mchana kutwa. Sisi tulikuwa tukiogopa vilevile.

Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha fedha za misaada. Vituo vikafungwa, vingine vikapunguza watu, na kwetu mshauri nasaha aliyekuwa akituketisha baada ya kifo akawa miongoni mwa wa kwanza kuondolewa. Wapo wenzangu ambao hawalipwi tena, lakini mgonjwa akipiga usiku wanakwenda.

Ndiyo maana sasa tunaketi wenyewe, Alhamisi jioni, nyumbani kwa mmoja wetu. Marehemu hutajwa kwa jina alilojichagulia. Hakuna anayeharakishwa kupoa, na hakuna mahubiri. Safari iliyopita muuguzi mmoja, mwanamume transi, alisimulia alivyomfumba macho mgonjwa wake na kumfunga kidevu, kisha akaenda kitanda cha pili kupima presha kwa sababu zamu ilikuwa haijaisha. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Tulimwacha aseme mpaka akamaliza, halafu tukamuuliza habari za huyo mgonjwa: alipenda nini, alicheka vipi. Akatusimulia mpaka magari ya mwisho yakakaribia kuisha, na alipoinuka alikuwa na uso mwingine kabisa.

Naamini kikao hiki ni sehemu ya kazi, sawa na kupima na kugawa dawa. Fomu tulizojaza miaka yote zilikuwa na nafasi ya waliopimwa na ya waliopewa kondomu. Aliyekufa aliandikwa tarehe, faili ikafungwa. Aliyembeba mgongoni kushuka ngazi hakuulizwa kitu.

Kwa hiyo tumeandika barua kwa wanaosimamia vituo vilivyosalia. Tunaomba siku mbili za mapumziko baada ya kifo cha mtu uliyemhudumia, bila kudaiwa uthibitisho wa undugu, na nauli ya kwenda mazikoni. Alhamisi tutaisoma pamoja kabla ya kuituma. Mwenye jambo la kuongeza na aje nalo.